Fundi, Nionyeshe Kwanza Mafuta Yanatokea Wapi

Wacha niseme wazi: huku kwetu Tarbaj, giaboksi nyingi za otomatiki zinahukumiwa kifo kabla ya kupimwa. Tone jekundu linaonekana chini ya gari, fundi anainama sekunde tano, anapangusa mikono: "Giaboksi imeisha, mzee." Hapo ngamia wanaanza kuhesabiwa.

Mimi si fundi. Niliacha chuo, na saa hii natengeneza video za magari ya njia ya Wajir kwenda Mandera, kwa hivyo nashinda gereji. Na kwa nilivyoona, sisi wenye magari ndio tumewazoesha mafundi kuruka kazi ya kupima. Tunalipa vipuri, lakini macho ya fundi tunayataka bure.

Chukua VX ya abti yangu, Land Cruiser 80 ya 1994. Ndiyo gari inayoamshwa usiku mama akishikwa na uchungu. Ilipoanza kuacha madoa mekundu, fundi wa kwanza akasema giaboksi ishushwe na nyingine iagizwe Nairobi. Bei: ngamia wawili, bado usafiri, bado siku za gari kulala.

Sasa sikiza. Mafuta ya giaboksi, yaani ATF, hutiwa rangi nyekundu makusudi ili yasichanganywe na oili ya injini. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zinatumia ATF hiyo hiyo, aina ya Dexron, kwenye pawa stiaringi pia. Kwa hivyo wekundu peke yake haukuambii ni giaboksi inayovuja.

Fundi wa pili, kijana tu, aliosha sehemu yote ya chini kwa dizeli na brashi, kisha sabuni, akaacha ikauke. Akapima ATF vile inafaa: gari mahali tambarare, giaboksi ikiwa moto, injini ikinguruma, gia ipitishwe zote hadi irudi P, ndipo dipstiki itolewe. Akaweka alama pia kwenye kikopo cha pawa stiaringi. Wakaizungusha barabarani kama saa moja, wakarudi, wakatandika katoni chini, akaingia na tochi.

Giaboksi haikuwa imepungua hata kidogo. Kikopo cha stiaringi ndicho kilikuwa kimeshuka. Paipu ya mpira huko mbele ilikuwa na ufa, na upepo wa mwendo ukasukuma mafuta nyuma hadi yakapaka giaboksi yote. Mafuta husafiri, ndugu zangu. Yanateremka na kurudi nyuma, kwa hivyo tafuta mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Hapo ndipo utapata chanzo.

Na hata ingekuwa giaboksi kweli, bado kuna maswali. Ni gasketi ya sampu? Nati ya kumwagia mafuta? Paipu zinazopeleka ATF kupozwa kwenye rejeta? Sili ya wenzo wa gia pembeni? Hizo zote hubadilishwa giaboksi ikiwa mahali pake. Ikivuja pale injini na giaboksi zinapokutana, huenda ni sili ya mbele, na hapo ndiyo, lazima ishushwe. Lakini hata hapo kinachobadilishwa ni sili. Wakati mwingine kosa ni la aliyejaza kupita kiasi: ATF inafanya povu na kutokea kwenye tundu la kupumulia.

Simaanishi upuuze. Wale wa kuongeza lita moja kila safari wanacheza na moto. ATF ikipungua giaboksi inateleza, inachemka, na klachi za ndani zinaungua. Ukiona mafuta meusi yenye harufu ya kuungua na gari inaguruma bila kwenda, basi mazungumzo ya giaboksi nyingine yana haki. Na ukikuta maji ya rejeta yamekuwa mazito ya rangi ya waridi, usiendeshe: ATF na maji vimekutana ndani, na maji hayo yanaua giaboksi haraka.

Huyo kijana aliomba pesa ya kupima. Abti akanung'unika: "Pesa ya kuangalia tu?" Nikamwambia, abti, hiyo ndiyo pesa rahisi kuliko zote utakazotoa kwa hii gari. Fundi asipolipwa kwa kupima, atatafuta riziki yake kwenye kushusha na kupandisha. Wallahi hata mimi ningefanya hivyo.

Kutoka hapa hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na Nairobi ni mbali zaidi. Kipuri kisichohitajika huku kinauma mara mbili: pesa imeenda, na bado gari inavuja. Kwa hivyo tuwekeane sheria. Mwenye gari, lipa kazi ya kuosha, kuendesha na kuangalia, hata kama mwisho ni paipu ya bei ndogo. Fundi, usiguse bolti ya giaboksi kabla mwenye gari hajaingia chini na wewe akaona kwa macho yake tone likitoka.

Akikataa kukuonyesha, chukua funguo zako.