Nani Analipa Mwendo Wako?



Mwezi huu tunaongea juu ya mwendo wa magurudumu. Hapa Goma, kijana akikemewa kwa sababu ya mbio, jibu lake tunalijua wote: "Moto ni yangu, mafuta ni yangu, weye inakuuma wapi?" Na yule aliyerudi kutoka Rubaya ao Walikale na feza ya shimo mkononi, akanunua pikipiki mpya ao hata jeep, anaongeza neno: "Mashini haikutengenezwa kwa kulala. Usipoikamua, umetupa feza yako bure."

Wengi wetu tunamjibu haraka kwamba mbio ni dhambi, kisha tunamgeuzia mgongo. Mimi sitajibu hivyo, maana kijana huyu amesema neno moja la kweli na neno moja la uongo. Kazi yetu leo ni kuyatenganisha.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili ni la zamani. Katika 2 Wafalme sura ya 9, mlinzi aliyesimama juu ya mnara wa Yezreeli aliona watu wanakuja kwa mbali. Uso hakuuona, lakini akamtambua Yehu kwa namna alivyoendesha gari lake la farasi. Ni vilevile leo. Mama anayeuza ndizi kule Birere ao Katindo hana lazima ya kuinua kichwa. Akisikia sauti ya injini tu, anajua ni mtoto wa nani anapita. Namna ya kuendesha inamsema mtu mbele hajafungua kinywa.

Sasa tuanze na neno la kweli. Kule Ulaya na Marekani kuna magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, kama Porsche na Ferrari. Ni ya chini sana, mengi yana viti viwili tu, na injini yake ni ya nguvu kupita mahitaji ya mtu anayekwenda sokoni. Gari la namna ile likiletwa katika mtaa wetu, tumbo lake litabaki juu ya jiwe la volkano mbele halijafika rond-point! Lakini wenye magari hayo wanatufundisha kitu, kwa sababu hawaendeshi wote namna moja.

Kuna mwenye kulificha. Analifunika na kitambaa, analipangusa, analitoa Jumapili kama kuna jua. Anafikiri analitunza, kumbe linaharibika polepole. Betri inakufa, mipira inakauka na kupasuka, mafuta yanazeeka ndani ya tangi.

Kuna mwenye kulitesa. Asubuhi injini ingali baridi, oili ingali nzito, haijafika vizuri mahali pote, naye anakanyaga mpaka mshale unafika mwisho. Chuma kinasugua chuma. Akisimama mbele ya watu anaondoka kwa kishindo, matairi yanatoa moshi, watu wanapiga makelele. Makelele yanaisha siku ileile, lakini bei ya kubadilisha matairi inabaki ya kwake.

Na kuna wa tatu, mwenye kulijua. Anangoja injini ipate joto. Anajua breki zimebaki kiasi gani. Tena, akitaka kulikamua kweli, analipeleka mahali pake. Ujerumani, kwa mfano, kuna njia ya Nürburgring, yenye urefu wa karibu kilomita 21. Kuna siku ambazo mtu wa kawaida analipa kiingilio na kuendesha gari lake pale. Wote wanaelekea upande mmoja, na hakuna mtoto anayevuka kwenda masomo.

Basi neno la kijana kwamba mashini ni kwa ajili ya kazi ni la kweli. Hata kuikamua kuna mahali pake. Lakini tuangalie wale waliokamua mashini kuliko watu wote katika sehemu zetu hizi za Afrika, ili tuone waliendesha namna gani.

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalikwenda maelfu ya kilomita katika vumbi, matope na mawe, katika barabara ambazo ng'ombe na mabasi walikuwa wakipita pia. Mwaka 1963 magari 7 tu yalifika mwisho. Mwaka 1968, tena magari 7 tu. Mengine yote, makumi kwa makumi, yalibaki njiani. Na miaka yote miwili walioshinda ni watu walewale wawili, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wazee wetu wanaikumbuka 404: ni gari la kubeba familia na mizigo, si gari la mbio!

Je, gari la mbio halikuweza kushinda? Liliweza. Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 katika mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Lakini Porsche, pamoja na jina lake lote, ilikuwa ya pili mwaka 1972, ya pili mwaka 1974, ya pili mwaka 1978. Ushindi wa Safari haikuupata hata mara moja katika miaka ile. Barabara yetu ya Afrika haiulizi jina la gari. Inauliza ni nani anaiendesha, na kama anajua kile alicho nacho.

Aliyeishinda Porsche mwaka 1974 ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya, aliyekufa mwaka 2013. Aliendesha Mitsubishi Lancer, gari dogo. Alikuwa ameshinda mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Akashinda tena mwaka 1976. Lakini kwangu ushindi huo mara tatu si kitu kikubwa kuliko hiki: katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Wengine wanavunja gari katikati ya pori, yeye anafika. Sababu yake ilikuwa gani? Mtu huyu alikuwa fundi, alijifunza kazi katika garaji ya baba yake. Mikono yake ilijua kila buloni. Aliposikia mlio mgeni chini ya gari, alijua ni nini kinalia na kitavumilia mpaka wapi. Aliendesha kwa nguvu, ndiyo, lakini alipima nguvu yake kwa kile chuma kinachoweza kubeba, si kwa macho ya watu wanaosimama kando ya barabara.

Vijana, hapo ndipo tofauti iko. Tena fahamuni kwamba tangu Safari irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, sehemu za mbio zinafungwa. Hata mabingwa wa dunia hawapewi ruhusa ya kukimbia katikati ya ng'ombe na watoto.

Sasa turudi Goma, tusikie lile neno la uongo: "ni yangu." Barabara yetu si yako. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena mpaka pembeni ya mji. Mitaa mingi tunatembea juu ya jiwe lile, gumu na lenye meno. Linakata matairi, linalegeza buloni, linaua amortiseri mbele ya wakati. Halafu kijana anatoka katika mawe na kukuta lami. Lami ni fupi, kiu ni ndefu: anafungua gazi yote! Pembeni kuna mama na beseni kichwani, kuna watoto wa masomo, kuna mwenye chukudu anayeshuka na mizigo ya viazi ao makaa. Yule wa chukudu hana injini, na ili kusimama anategemea kukanyaga mpira juu ya gurudumu la nyuma. Weye mwenye moto ndiye unapaswa kumwangalia, maana yeye hawezi kukukwepa.

Ninyi wa mashimo, nitawaambia kwa kipimo mnachokijua. Mtu akigonga ukuta kwenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa, ni sawa na kuanguka kutoka juu ya metre 5. Akigonga kwenye kilomita 72, mtafikiri ni metre 10, kwa sababu mwendo umeongezeka mara mbili. Hapana! Ni metre 20. Mwendo ukizidi mara mbili, kishindo kinazidi mara nne, na nafasi ya kusimama kwa breki inazidi mara nne vilevile. Basi niulize: mchimbaji gani atamwacha mtoto wake aruke ndani ya shimo la metre 20, kwa sababu amesema "miguu ni yangu"? Lakini jioni tunapanda watatu juu ya moto moja, bila kaske, kwenye kilomita 70, na tunaita hiyo kurudi nyumbani.

Na akianguka, nani analipa? Si yeye peke yake. Mama yake anauza kiwanja kwa ajili ya dawa. Mdogo wake anaacha masomo. Kanisa linapitisha kapu. Yule mama wa beseni hakuonja hata tone la mafuta yako, lakini mguu uliovunjika ni wake. Kwa hiyo usiseme ni yangu. Moto ni yako. Mwendo tunaulipa sote.

Mpaka hapa wazazi mnatikisa kichwa na kusema: kweli, vijana wamezidi. Ngojeni kidogo, kuna dereva mwingine ambaye hatujamsema bado.

Familia nyingi za kanisa zimenunua moto na kumpa kijana wa watu aendeshe. Kila jioni analeta ile tunayoiita versement. Mvua inyeshe tangu asubuhi mpaka saa sita, versement haipungui. Njia ifungwe, haipungui. Mnyororo ukatike, ni juu yake. Inafika saa kumi na moja ya jioni, hesabu haijatimia, na giza linakuja. Sasa niambieni, ni nani anayefungua gazi? Mkono ni wa kijana, lakini mwenye moto yuko nyuma ya mgongo wake, anamsukuma. Papa, unaweza kuwa unaendesha vikali kuliko kijana yeyote wa Goma, na haujatoka hata katika fotei yako.

Na Yehu tulimwona kwa mbali, lakini mwendesha wa namna hii mlinzi hamwoni. Anaonekana tu siku kijana anapolala katika hospitali, na neno la kwanza la mwenye moto ni: "Na moto iko wapi?"

Basi tufanye nini? Si mambo makubwa.

Kijana mwenye moto mpya, fuata rodaji kama kitabu chake kinavyosema. Kilomita za kwanza usiikamue, na oili ya kwanza ibadilishe kwa wakati wake. Kila asubuhi, mbele ya kuondoka, gusa breki zote mbili, tazama matairi na mnyororo. Dakika tano zinatosha. Jifunze kazi ya fundi, hata kidogo, kwa sababu anayejua bei ya kitu na namna kinavyofungwa hakitesi. Kaske ni ya kichwa, si ya mkono.

Mwenye moto, keti na kijana wako mkubaliane hesabu ya siku ya mvua na hesabu ya siku ya jua. Mpe siku moja ya kupumzika na ya kutengeneza mashini. Breki zilizokwisha ni za kwako kununua, si za kwake. Hautapoteza. Moto inayofika kila jioni kwa miaka mitatu inaleta feza kuliko moto iliyokimbia miezi sita na kulala ndani ya mtaro.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Mtu akisikia sauti ya moto yetu kwa mbali, anasema nini juu ya nyumba yetu?

2. Breki ya mwisho ilibadilishwa lini, na nani alilipa?

3. Kama kijana wetu angeleta nusu ya versement leo kwa sababu ya mvua, tungempokea namna gani?

Swali la tatu, wazazi wajibu kwanza, na kijana awe anasikia.