Tusinunue Gia Boksi Kabla ya Kupima Tairi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, usishangae kuona makala ya magari katika jarida la Chama cha Kiswahili. Ningeweza kuandika juu ya faida za elimu au madhara ya dawa za kulevya, lakini wenzangu wameshayaandika hayo, tena vizuri kunishinda. Mimi nina jambo linaloniwasha. Nasema hivi: katika kila boma lenye gari kuukuu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lazima awepo mtu mmoja anayejua kulipima gari hilo kabla fundi hajaitwa. Na mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi. Sisemi awe fundi, la hasha! Ajue kupima tu.

Wengi wetu tunaosoma kutwa tunatoka sehemu ambazo lami ni ya kuhadithiwa. Mvua ya Kakamega mnaijua. Ikishika Aprili, barabara za Shinyalu, Ikolomani na Navakholo hugeuka uji. Ndiyo maana huku kwetu utakuta Land Rover za tangu enzi za babu, Suzuki ndogo za mraba, na Subaru Legacy za miaka ya tisini ambazo zingekuwa zimeshasahauliwa kwingine. Nazo hatuzifugi kwa mapambo. Zinabeba ndizi, maziwa, wagonjwa na hata maiti. Isitoshe, sheria ya Kenya hairuhusu kuleta nchini gari la mtumba lililozidi miaka minane. Hizi za zamani zilizomo ndizo hizo hizo, hakuna meli itakayotuletea nyingine.

Sasa nieleze kisa chenyewe. Mama yangu ana Legacy ya 1996, ile ndefu ya kubebea mizigo, gia zake ni za kujibadilisha zenyewe. Hununua ndizi vijijini akaziuza soko la Kakamega. Karo ya ndugu zangu na pesa yangu ya chakula cha mchana hapa shuleni hutoka katika ndizi hizo. Mwaka jana, msimu wa mvua, gari lilianza kugoma kwenye kona. Likienda moja kwa moja ni sawa tu. Lakini ukikata usukani sana, kama pale unapogeuza sokoni, lilijivuta nyuma kama fahali wa Malinya asiyetaka kuingia uwanjani. Tairi zililia kwenye lami na gari lote likatetemeka.

Fundi wa kwanza alilizunguka mara moja, akasema, “Mama, hiyo ni joint ya mbele imeisha.” Tukanunua, Sh. 4,500. Akafunga. Hakuna kilichobadilika. Fundi wa pili hakushuka hata chini. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. “Gia boksi imekufa. Tafuta elfu arobaini na tano, mama, nikuletee ingine.” Mama alinyamaza. Jioni ile nilimsikia akimwuliza kukhu kuhusu bei ya ng'ombe wetu wa maziwa. Kwa wiki mbili ndizi zilikwenda sokoni kwa boda boda, nusu zikafika zimepondeka, na mimi nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa ya chakula.

Aliyetuokoa ni mjomba, ambaye nyumbani twamwita khotsa. Aliendesha Land Rover kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakufungua boneti. Aliuliza swali moja tu: “Dada, mlibadilisha tairi lini?”

Lo! Kumbe ni kweli. Kabla tu ya ugonjwa huo kuanza, tairi ya nyuma ilipasuka karibu na Khayega, mama akanunua moja mpya. Moja tu, maana pesa ilitosha moja. Zile tatu zilikuwa zimelika. Khotsa akaniambia nilete uzi. Tukaizungushia kila tairi, tukatia alama kwa kalamu, kisha tukaunyoosha uzi kwenye rula ya shule. Ile mpya iliwazidi wenzake kwa kama sentimita tatu.

Sentimita tatu ni nini, utauliza. Hata mimi niliuliza. Basi chukua kalamu, hii ni hesabu ya duara tuliyoifanya darasani tukidhani haina kazi. Tairi yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi ina mzingo wa karibu mita 1.88. Kama mpya ina meno ya milimita 8 na iliyolika ina milimita 3, nusu kipenyo zinatofautiana milimita 5. Zidisha kwa mbili na pai, unapata milimita 31. Katika kilometa moja gurudumu huzunguka kama mara 530. Kwa hiyo kila kilometa, tairi moja inadai zaidi ya mita 16 tofauti na mwenzake! Difu ya nyuma humeza sehemu ya ugomvi huo, lakini unaobaki hupelekwa katikati, mahali ambapo mbele na nyuma zimeunganishwa. Katika Legacy ya gia za kujibadilisha, hapo pana klachi ndogo ndani ya gia boksi. Ndiyo iliyokuwa ikichomeka polepole, siku baada ya siku, huku sisi tukinunua joint. Wenye kampuni ya Subaru husema mizingo ya tairi zote nne isipishane zaidi ya kama nusu sentimita. Yetu ilizidi mara sita.

Halafu khotsa akanionyesha jambo ambalo mpaka leo naliona kama uganga. Chini ya boneti ya gari kama letu pana kijumba kidogo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, na kwa kawaida huwa kitupu. Ukitia humo fyuzi ya kawaida, gari huachilia magurudumu ya nyuma na kuvuta kwa mbele peke yake. Taa ya FWD huwaka kwenye dashibodi. Tulitia, tukaligeuza gari pale uwanjani. Likazunguka laini kama baiskeli! Maana yake ile klachi ilikuwa bado inaachia, haijaganda, na gia boksi haijafa. Kama lingeendelea kugoma hata na fyuzi ndani, hapo kweli tungetafuta fundi wa gia boksi. (Fyuzi hiyo ni ya kupimia. Usiiache humo miezi mitatu ukasema umetengeneza gari. Na kama Legacy yako ni ya gia za mkono hutaipata, maana hiyo imeundwa kwa njia nyingine.)

Tulitafuta tairi kuukuu ya saizi ile ile, iliyolika sawa na zile tatu, tukaipata kwa Sh. 2,000. Oili ya gia boksi ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia na kunuka kuungua, badala ya wekundu wake, basi ikamwagwa na kutiwa mpya. Ng'ombe wetu yuko zizini hadi leo.

Wenye Land Rover na Suzuki za zamani msicheke mkidhani hili haliwahusu. Kwenu tairi zinaweza kuwa sawa kabisa na gari likagoma vile vile. Hizo huunganisha mbele na nyuma kwa mti wa gia, bila difu ya katikati. Gari likipinda, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo hupotea kwa kuteleza. Kwenye lami haina pa kwenda, inarudi kunyonga shafti na gia. Kuna jirani yetu alitoka matopeni Malava akasahau kurudisha ule mti, akaja hadi mjini kwenye lami akilaani usukani kuwa mzito. Hakuna kilichoharibika ila jina lake kwa mafundi wote wa stendi.

Najua watakaonipinga. Kuna watakaosema, “Wewe unawaharibia mafundi kazi.” Sikubali. Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu. Wanafufua vyuma ambavyo gereji kubwa zingevitupa. Lakini kuna baadhi yao, na hata wao kwa wao wanajuana, ambao hutibu kwa kubahatisha. Wanabadilisha spea moja, wakishindwa ya pili, na bili ni ya mwenye gari. Mwenye gari akija na uzi wake na kusema, “Fundi, nimepima hiki na hiki,” kubahatisha kunakwisha, na yule fundi mzuri anapata kuonekana tofauti na wengine. Tena hata mimi ningemfahamisha yule wa kwanza kosa lake bila kumtukana. Joint ya mbele ikiisha hupiga “tak tak tak” ukikata kona, na mara nyingi mpira wake huwa umepasuka na grisi kutapakaa. Letu halikupiga kelele hiyo hata siku moja. Lilikaba tu. Magonjwa mawili, dalili mbili.

Wengine watasema watoto wataumia. Hapo wana haki, nami nitakuwa mkali. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hasa juu ya udongo wetu huu mwekundu ambao ukilowa jeki inazama. Usifungue redieta ya moto. Subiri ipoe hata kama umechelewa arusi. Breki usiziguse, mwachie fundi. Na gari lenu likikwama, likaja lori la kulivuta kwa kuliinua magurudumu ya mbele huku ya nyuma yakizunguka chini, katazeni. Gari la kuvuta kwa yote manne likivutwa hivyo linaweza kuunguza gia boksi kabla halijafika gereji. Libebwe lote, au livutwe kwa kamba polepole magurudumu yote yakiwa chini.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniudhi: eti haya si masomo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa kutaka mwanafunzi atoke na ujuzi mikononi. Sisi tulio mwishoni mwake tunatoka na nini? Shule yetu ya kutwa haina karakana, na siombi ijengwe kesho, maana hata maabara tunaingia kwa zamu. Ninachoomba ni kidogo. Mwalimu wetu wa fizikia ana gari. Mwalimu wa hesabu ana uzi. Jumamosi moja kwa muhula, chama chetu na kile cha sayansi vikutane uwanjani, tupime tairi, tuangalie rangi ya oili, tuandike katika daftari kila spea iliyofungwa na tarehe yake. Hilo daftari ni muhimu kuliko spana. Mama angekuwa nalo, khotsa asingekuwa na haja ya kuuliza lile swali.

Walimu wa Kiswahili mtanisamehe kwa “gia boksi”. Najua mngependa nitafute neno tamu zaidi. Lakini nendeni stendi mkamwambie fundi sanduku la giabadili lenu linavuja, kisha mniambie mlijibiwaje. Hii nayo ni kazi ya chama: kukaa na mafundi na kuandika maneno yao. “Inakaba” nililipata kwao, na sijaona neno lingine linalosema vizuri zaidi vile gari letu lilivyokuwa likifanya.

Mnaopenda mbio za Safari mnakumbushwa na wazee jinsi Patrick Njiru alivyomaliza wa nne mwaka 1994 kwa Subaru Impreza. Ni sifa kubwa. Mimi nampenda zaidi mama, anayelipitisha lake matopeni usiku bila kupigiwa makofi. Sasa ameanza kulalamika kwamba sindano ya joto inapanda akipanda mlima na ndizi. Nimeshaandika katika daftari: siku gani, mzigo kiasi gani, maji yamepungua kiasi gani. Bado hatujaita fundi.