Homa ya Aliyepandikizwa Kiungo Isitibiwe Dukani

Sirari ni mji wa mpakani. Ng'ambo ya kizuizi kuna Isebania, na mtu anaweza kununua dawa Kenya asubuhi, akaimeza Tanzania mchana, bila mhudumu yeyote wa afya kujua. Kwa mgonjwa wa kawaida jambo hili lina hatari tulizokwisha kuzizoea. Kwa yule anayeishi kwa figo, moyo au pafu la mtu mwingine, vidonge vichache vilivyonunuliwa kwa nia njema vinaweza kuharibu kazi ya miaka.

Wapo watakaoniuliza kwa nini niwachoshe matabibu wa Tarime kwa habari za upandikizaji, ilhali upandikizaji wa moyo na mapafu haujawa huduma ya kawaida nchini mwetu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Wengine walikwisha kupelekwa India kabla ya hapo. Wote hao hurudi makwao, na homa itakapowapata usiku, wa kwanza kuwaona atakuwa tabibu wa zahanati, si bingwa.

Desemba 3, 1967, huko Cape Town, Dkt. Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa binadamu mwingine, jambo ambalo halijapata kufanyika. Washkansky aliishi siku 18. Kilichomuua ni nimonia, iliyomkuta akiwa amedhoofishwa na dawa za kushusha kinga ya mwili. Tangu siku hiyo swali la upandikizaji ni lile lile: kinga ishushwe kiasi gani ili mwili usikikatae kiungo kigeni, na bado mtu abaki na kitu cha kujilinda nacho?

Katika pengo hilo ndimo huingia fangasi. Kandida, ambaye mama wengi wanamjua kwa utando mweupe mdomoni mwa mtoto, huishi tumboni na kwenye ngozi ya watu wazima bila kumdhuru mwenyeji wake. Baada ya upasuaji mkubwa mambo hubadilika: mgonjwa ana mrija kwenye mshipa mkuu, amepewa antibiotiki zilizowaua bakteria waliokuwa wakimzuia fangasi huyo, na kinga imeshushwa kwa makusudi. Fangasi hupenya hadi kwenye damu, kisha huweza kufika machoni, kwenye figo na kwenye vali za moyo. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wa namna hii hufariki. Tena kuotesha damu maabara hushindwa kumwonesha fangasi katika wagonjwa wengi, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" halimalizi shaka. Na prednisoloni huweza kuificha homa yenyewe. Mgonjwa akaja analalamika uchovu tu, mwili wake wa baridi, nasi tukamrudisha nyumbani.

Sasa turudi dukani. Flukonazoli ni dawa nzuri, nami sipingi matumizi yake. Lakini huzuia vimeng'enya vya ini vinavyoivunja takrolimasi, dawa inayotumiwa na wengi waliopandikizwa. Mtu akijinunulia flukonazoli kwa ajili ya fangasi wa mdomo au wa ukeni, kiwango cha takrolimasi katika damu hupanda, na takrolimasi ikizidi huumiza figo, hata ile ile iliyopandikizwa. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: hukishusha kiwango hicho hadi mwili ukaanza kukikataa kiungo. (Balungi nalo hupandisha, mgonjwa aambiwe, maana hakuna anayeshuku tunda.) Dawa hizi zinaweza kutumika, ila na daktari anayepima damu na kurekebisha dozi.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi majirani wa Kenya. Kandida auris alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, baada ya kupatikana katika sikio la mgonjwa nchini Japani. Katika hospitali moja kubwa ya rufaa jijini Nairobi, kati ya 2010 na 2016, ndiye aliyesababisha zaidi ya theluthi moja ya maambukizi ya Kandida katika damu. Mara nyingi hasikii flukonazoli, hukaa kwenye ngozi na vitanda kwa wiki kadhaa, na vipimo vya kawaida humchanganya na fangasi wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka katika kundi la juu la fangasi wa kuogopwa. Mgonjwa aliyelazwa Nairobi na kurudi Sirari aulizwe alilazwa wapi na kwa muda gani. Swali hilo halina gharama.

Kipimo cha malaria kifanywe, bila shaka. Huku ni Mara. Lakini kiwe kimeonesha vimelea au la, hospitali iliyompandikiza ipigiwe simu siku hiyo hiyo na rufaa iandaliwe. Palipo na uwezo, damu ya kuotesha itolewe kabla ya antibiotiki, ila mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe dozi ya kwanza kwa sababu hiyo. Mrija usiohitajika uondolewe.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, si kwa zahanati. Sisi wa hospitali kubwa humruhusu mgonjwa na barua ndefu ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya bingwa mwenzetu. Aongezewe ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa kumpa tabibu wa kwao na muuza dawa: kiungo gani kilipandikizwa na lini, anatumia dawa zipi, zipi asipewe bila kuuliza, na namba ya simu inayopokelewa saa nane za usiku.