Akoko Bado Anangoja Kamera

Mwaka 1995 BBC ilionyesha Pride and Prejudice kwa vipindi 6. Mwaka huohuo The River and the Source ya Margaret Ogola ikashinda Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola, kitabu bora cha kwanza, kanda ya Afrika. Ile ya Jane Austen nimeitazama mara tatu kwenye laptopu, hapahapa Kondele. Ya Ogola nimeiona ikiigizwa mara moja tu: wanafunzi tumebanana ukumbini, waigizaji wanakimbiza vizazi vinne kwa saa mbili, na kila baada ya onyesho mmoja anatugeukia kutueleza maudhui. Hiyo si drama, jamani. Hiyo ni marudio ya mtihani.

Na kisa chenyewe ni kilekile! Kina Bennet wana mabinti watano, hawana mvulana, basi nyumba itaenda kwa binamu. Akoko wa Yimbo, aliyelipiwa ng'ombe 30, anafiwa na mume, anafiwa na wana, na shemeji anakalia kigoda cha uchifu. Ila Akoko hamngoji Bwana Darcy. Anafunga safari mwenyewe mpaka Kisumu kumshtaki shemeji kwa serikali ya wazungu. Prodyuza gani mwenye akili anaacha hiyo?

Wataniambia pesa. Sawa, mavazi ya zamani ni ghali. Lakini mwaka 1981 Thames Television ya London ilionyesha The Flame Trees of Thika, vipindi 7 kutoka kumbukumbu za Elspeth Huxley, mtoto wa walowezi. Kamera zililetwa hadi Kenya. Waliona nchi hii inatosha kuwa historia, ya kwao. Sisi hata boma tunalo tayari: Makumbusho ya Kisumu ina dala nzima ya Kijaluo, nyumba za wake, simba ya kijana, maghala. Na ziwa halijahama. Pigeni kwa Dholuo, wekeni maandishi ya Kiswahili chini, tutasoma. Za Kikorea si tunasoma?

Tena ikikawia kuna kitu hakitanunulika kwa bajeti yoyote. Mwaka jana nilimsomea Dani, huko Bondo, sura za mwanzo, nikimtafsiria polepole. Nilipofika kwenye harusi akanikatiza: mwanamke aliyeolewa alivaa chieno, mbona sijamtaja nayo? Akanionyesha kwa mikono namna nyuzi zilivyosukwa, fundo likae wapi mgongoni, mtu akiinama ianguke vipi. Bibi yake aliivaa, yeye akiwa mtoto wa kuifungua na kuifunga.

Nikamwuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Nani mwingine hapa kijijini anajua kuisuka? Akahesabu kwa vidole. Wawili, akasema, na mmoja haoni tena.