Ngoma ya Kompyuta na Sikio la Mhakiki

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii husikika mara nyingi katika semina za Kiswahili pindi mwanafunzi anapopendekeza kutafiti muziki unaotengenezwa kwa kompyuta. Hushauriwa arejee kwenye tenzi, ngano na nyimbo za jando, kwa kuwa huo mwingine ni msala upitao tu. Makala haya hayapingi hekima ya wahenga. Yanapinga mahali inapotumiwa. Albamu ya muziki wa kielektroniki ni matini, na mhakiki wa Kiswahili anayeikataa kabla ya kuisikiliza anajinyima kazi iliyo yake kwa haki.

Tumchukulie mwanafunzi anayesafiri kwa matatu kutoka Kitale hadi Bungoma, kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Masikioni ana albamu mpya ya msanii ampendaye, naye ameamua kuisikiliza yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka. Mashamba ya mahindi yanapita dirishani. Kufikia Kamukuywa ametambua kwamba mdundo wa wimbo wa pili umerudi katika wa tano, safari hii ukiwa umepunguzwa kasi. Kufikia Webuye ameurudia wimbo mmoja mara tatu kwa ajili ya neno moja tu. Je, huyu anafanya nini ambacho msomaji wa diwani hafanyi? Anazingatia mpangilio, takriri, kimya na uteuzi wa maneno. Tofauti ni kwamba akifika Bungoma hana wa kumwambia, kwa sababu darasani jambo hilo halina jina.

Mfano wa kufaa haupo mbali. Kundi la Just A Band lilichipuka miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mnamo 2003. Lilitoa albamu tatu: Scratch to Reveal (2008), 82 (2009) na Sorry for the Delay (2012). Mmoja wao, Blinky Bill, aliendelea peke yake kwa albamu ya mwaka 2018, kisha We Cut Keys While You Wait ya mwaka 2023. Hawa si watu waliookota mashine barabarani. Ni wasomi waliounda sanaa ya sauti, picha na maneno kwa pamoja.

Hebu tuangalie anwani moja tu ya wimbo wao, Usinibore. Hapa pana kiambishi cha nafsi, kikanushi, kiambishi cha mtendwa na mzizi wa Kiingereza. Kwa maandishi, irabu ya mwisho inafanana na kiishio cha usinisumbue, ilhali ni tahajia ya Kiingereza iliyokutana na sarufi ya Kiswahili kwa bahati. Mwanafunzi wa mofolojia angeweza kukaa na neno hilo kwa kipindi kizima. Aidha, lipo suala la mtindo: kwa nini msanii anayeimba kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza akigeukia Kiswahili pale anapotaka kumfukuza mtu? Hilo ni swali la uhakiki, wala si la burudani.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ala hizi ni za kigeni. Lakini gitaa nalo lilikuwa geni. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilitwaa gitaa hilo katika Magharibi ya Kenya, akalifuatisha na mlio wa chupa ya soda, na akaimba kwa Kiswahili. Leo hakuna anayemwita mgeni. Taarab nayo ilipokea vinanda vya umeme, na mipasho iliyozaliwa humo imeandikiwa tasnifu. Ala haijawahi kuwa kigezo cha kuamua ipi ni fasihi na ipi siyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linastahili heshima. Mulokozi (1996) alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: lina fanani, fani, hadhira, mahali na wakati. Albamu inayosikilizwa na mtu mmoja, masikio yakiwa yamezibwa, inaonekana kuvunja masharti hayo yote. Fanani yuko Nairobi, hadhira iko Kiminini, na hawataonana. Ni kweli kwamba kuna kinachopotea hapo. Hata hivyo, tukumbuke yaliyotokea mwaka 2010, video ya wimbo Ha-He ilipotoka ikiwa na shujaa aitwaye Makmende. Jina hilo lilikuwa tayari vinywani mwa watoto wa mitaani wa miaka ya nyuma. Kwa siku chache tu, Wakenya walianza kumtungia Makmende chuku: kila mmoja akiongeza tendo lisilowezekana, mwingine akilipiku. Hadhira iligeuka fanani. Mtambaji yeyote wa ngano angelitambua jambo hilo mara moja. Walter Ong aliita hali kama hii usimulizi wa pili (1982), yaani usimulizi unaobebwa na mitambo. Masharti ya Mulokozi hayakufutwa, ila yalihamia mahali pengine.

Aliyefika Bungoma anaweza kulithibitisha hilo kwa njia ya pili. Mwezi wa Agosti, katika miaka ya shufwa, kijana wa Kibukusu anayejiandaa kutahiriwa hupita kwa jamaa zake akipiga chinyimba. Mdundo ni ule ule, saa baada ya saa, na maana yake hukua kwa kurudiwa. Anayedai kwamba muziki wa kompyuta hauna fasihi kwa kuwa unarudiarudia mdundo mmoja, atamwambia nini kijana huyo? Haya si mambo sawa: chinyimba ni wajibu wa ukoo na njia ya kuingia utu uzima, albamu hununuliwa au kupakuliwa. Lakini sikio lililofunzwa kuusikiliza mrudio mmoja kwa makini litausikiliza na mwingine.

Ni lazima kukiri kwamba nyingi za albamu hizi zina Kiswahili kidogo. Ndiyo sababu zinatuhusu. Kitale ni mji wa Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Kijana wa mji huo akikuta lugha yake ya kila siku imepewa kiitikio tu, ilhali hoja nzito imeachiwa Kiingereza, nani atamweleza msanii kwamba ameipunja lugha? Lawama isiyotokana na usikilizaji haina mashiko. Na tusipoandika sisi kwa Kiswahili, wataandika wengine kwa lugha nyingine, nasi tutabaki kuwatafsiri.

Kwa hiyo, vyama vya wanafunzi vianze na jambo dogo. Kila muhula kisikilizwe kikao kimoja cha albamu nzima, mbele ya mhadhiri, bila simu na bila mazungumzo. Maneno yanukuliwe kwa ajili ya mjadala, istilahi zitafutwe, hoja zipingwe. Na wale wanaotoka Bungoma na Trans Nzoia warekodi, kwa idhini ya wazee, milio ya litungu inayoendelea kuwa adimu, ili ngoma mbili zikae katika maktaba moja.

Hapo ndipo methali itakapopata mahali pake. Hakuna anayetaka kuuacha mbacha. Lakini nyumba yenye wageni wengi huhitaji zaidi ya mkeka mmoja, na msala huu haupiti: vijana wetu wameukalia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.