Sebule ya Mlezi na Hesabu ya Kodi
Kutoka Ukingo wa Mto, na Feza Asumani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jirani yangu wa Mangobo, hapa Kisangani, ameshafungua mlango. Wa kwanza kufika ni mama muuza samaki. Anamshusha mtoto mgongoni, anaacha chupa ya uji na franka za siku, anapanda toleka, baiskeli ya abiria, kwenda sokoni. Wengine wanafuata. Ikifika saa mbili sebule ina watoto kumi na mmoja, na mkubwa wao hajatimiza miaka minne. Viti vya baba mwenye nyumba vimetolewa uani, mikeka imetandikwa. Hadi jioni pale ni mahali pa kazi, sawa na karakana au duka.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa takse, mkusanya kodi, na karatasi yake. Alihesabu watoto, akazidisha kwa pesa ya siku, akazidisha kwa siku za mwezi, akaandika jumla na kutaka sehemu yake. Hakuuliza gunia la makala ya kupikia. Hakuuliza maziwa, sabuni, madumu ya maji, wala msichana anayesaidia kufua. Alipoondoka, jirani aliniletea ile karatasi. "Dada Feza," akasema, "hii pesa yote aliyoihesabu, mimi nimeila wapi?"

Tulikaa chini tukaandika. Watoto kumi na mmoja, franka 2,000 kila mmoja, siku 26: 572,000 kwa mwezi. Tukaanza kutoa. Makala ndiyo yaliyotushtua, kwa sababu umeme ukikatika, na tunajua unavyokatika, hakuna namna nyingine ya kupika uji wala kuchemsha maji ya watoto. Tulipomaliza kutoa vyote, zilibaki 92,000. Hiyo ndiyo pesa yake ya mwezi.

Sheria ya nchi inaijua tofauti kati ya pesa iliyoingia na pesa iliyobaki. Sheria ya kodi ya mapato namba 69/009, ya tarehe 10 Februari 1969, ilitaja matumizi ya kazi yanayotolewa kabla ya kodi kupigwa. Mojawapo ni pango la jengo, au la sehemu ya jengo, linalotumika kwa kazi, pamoja na matunzo na mwanga wake. Sehemu ya jengo! Waliotunga sheria ile walielewa kwamba mtu anaweza kufanya kazi na kulala chini ya bati moja. Matumizi ya familia yenyewe waliyakataa, na hilo ni haki: sahani ya mume na karo ya watoto wake haziingii katika hesabu ya kreshi.

Lakini mlango huo wamepita wenye vitabu vya hesabu. Kwa wadogo, sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka njia nyingine. Asiyezidi franka milioni 10 kwa mwaka alipangiwa kodi moja ya 50,000 kwa mwaka. Wa kati ya milioni 10 na 80 alipangiwa asilimia ya pesa yote iliyoingia: 1 kwa muuza bidhaa, 2 kwa mtoa huduma. Siidharau njia hiyo. Ni nyepesi, haihitaji mhasibu, na inamzuia mtu wa takse kubuni. Kwa mpango huo kuzidisha kwake kote kulikuwa bure: mapato ya jirani yangu ni 6,864,000 kwa mwaka, kwa hiyo yeye ni wa 50,000 tu.

Ila hata hiyo 50,000 ni zaidi ya nusu ya kinachobaki mkononi mwake kwa mwezi mzima. Na akikua je? Tuseme amepanga nyumba ya pili na kupokea milioni 12 kwa mwaka, huku milioni 10 zimeishia kwenye sufuria, pango na mishahara. Asilimia 2 ya milioni 12 ni 240,000, yaani asilimia 12 ya faida yake. Mwenye duka aliyepokea kiasi hicho hicho analipa 120,000. Ukimweka mlezi wa watoto kwenye fungu la huduma unamchukulia kama wakili, ambaye kazi yake inataka meza na kalamu. Mlezi ananunua, anapika, analisha, anafua. Matumizi yake yanafanana na ya mgahawa. Kumtoza maradufu ya muuza bidhaa ni kosa, nami nalisema bila kuzunguka.

Marekani, mtu anayelea watoto nyumbani kwake anaruhusiwa kupima eneo la nyumba linalotumika na saa linazotumika, akatoa sehemu hiyo ya pango na umeme kwenye mapato yake, hata kama jioni familia inakaa sebule ile ile. Hesabu hiyo inawezekana katika komine zetu za Kabondo na Lubunga pia. Inataka daftari.

Akina mama walezi, andikeni. Sheria ya biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za pamoja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, inamtaka mjasiriamali mdogo aandike kila siku pesa inayoingia imetoka wapi na inayotoka imekwenda wapi, akitenganisha malipo ya taslimu na ya njia nyingine, na kulitunza daftari miaka mitano. Hesabuni sahani: kama sufuria imelisha watoto kumi na mmoja wa watu na watatu wa nyumbani, andikeni kumi na moja. Na mtu wa takse akija, mwulizeni kwa heshima takse yake ipo mstari gani katika orodha ya kodi za majimbo na komine iliyowekwa tarehe 13 Machi 2018. Kama haimo, msilipe.

Waliobaki ni wabunge wetu. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwekwi wala haipunguzwi ila kwa sheria, kwa hiyo gavana hawezi kututatulia hili kwa barua. Wabunge wa jimbo letu la Tshopo mlioko Kinshasa, pelekeni pendekezo fupi: anayelea watoto wadogo nyumbani ahesabiwe kwa kiwango cha muuza bidhaa, na mwenye daftari aruhusiwe kutoa makala, chakula cha watoto na sehemu ya pango. Mama muuza samaki anayelipa kodi sokoni kila siku anaweza kusimama pale kwa sababu kuna mtu amembeba mtoto wake tangu alfajiri.