Mia Toa Arobaini na Tano

Kila mwaka, Machi inapokaribia, mamlaka za hali ya hewa za Afrika Mashariki hutoa waraka uitwao mwelekeo wa mvua za masika, na kila mwaka, kabla Mei haijaisha, hukumu ileile husikika kwenye daladala, sokoni na hata vinywani mwa viongozi: watabiri wamedanganya tena. Hukumu hiyo imezoeleka kiasi kwamba anayeipinga hudhaniwa kuwa ama mtumishi wa mamlaka ama mtu asiye na shamba. Hata hivyo haina msingi, kwa kuwa wanaoitoa huushtaki waraka kwa kuvunja ahadi ambayo haukuiweka popote.

Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake hukutana kabla ya misimu mikuu ya mvua, siku hizi chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD kilichopo Kenya, ili kukubaliana juu ya mwelekeo wa kanda nzima. Msingi wa hesabu yao ni rekodi za miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, ambazo kwa kila eneo hupangwa kuanzia masika yenye mvua haba kabisa hadi yenye mvua nyingi kabisa, kisha zikagawanywa katika mafungu matatu yenye idadi sawa ya miaka: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao angelipa kila fungu theluthi moja ya uwezekano. Kazi ya mtabiri ni kutazama joto la bahari na mwenendo wa upepo, kisha kueleza theluthi hizo zimeegemea wapi. Waraka ukiipa mikoa fulani 45 kwa 100 juu ya wastani, 35 wastani na 20 chini ya wastani, redio hutangaza kwamba mvua kubwa zinakuja, ilhali 100 toa 45 ni 55, yaani waraka wenyewe unakiri kuwa fungu la juu lina nafasi kubwa zaidi ya kutotokea kuliko ya kutokea. Mtabiri ambaye kila mara hutaja 45 na kila mara fungu hilo likatokea hastahili pongezi, kwa sababu amekosea kwa upande wa pili: alikuwa na uhakika ambao hakuutamka. Masika moja, basi, haiwezi kumtia hatiani wala kumwachia huru. Zinahitajika nyingi, zikihesabiwa kwa uvumilivu ambao mazungumzo ya daladala hayana.

Kosa la pili limo katika neno wastani, ambalo husomwa kana kwamba ni kipimo kimoja kwa watu wote. Lodwar, kaskazini mwa Kenya, hupata karibu milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima, na Bukoba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hupata karibu 2,000. Masika ya juu ya wastani Lodwar ingeitwa ukame Bukoba. Tena fungu linahesabu jumla ya miezi mitatu tu, halisemi jumla hiyo itagawanyikaje. Huo mgawanyo, ambao wataalamu huuita mtawanyiko wa mvua, ndio unaomhusu mkulima kuliko kitu kingine, kwani nusu ya mvua inaweza kumwagika katika wiki mbili za Aprili ikabeba udongo na mbolea, kisha anga likafunga mahindi yanapotoa mbelewele, na bado takwimu za msimu zikaonyesha wastani. Mkulima huyo ana haki ya kulalamika. Ila mshtakiwa wake si yule anayemtaja, maana aya inayoonya kuhusu vipindi virefu vya ukavu kwa kawaida imo katika waraka, na ndiyo ya kwanza kukatwa habari inapofupishwa.

Masika yenyewe ni msimu mgumu kuliko vuli. Mvua za Oktoba hadi Desemba hufuata kwa karibu hali ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, na ndiyo maana vuli ya 2019, bahari ya upande wa Afrika ilipopata joto kupita kawaida, ilikuwa na mvua kubwa mno. Masika haina mwongozo wa namna hiyo, na inashangaza kidogo kwamba El Niño, ambayo athari yake huonekana zaidi kwenye vuli, hutajwa katika kila ubishi wa Aprili. Masika ya 2018 ilifurika pasipo El Niño yoyote. Mchango mkubwa hutoka kwenye msukosuko wa Madden-Julian, yaani wimbi la mawingu na upepo linalosafiri kuelekea mashariki katika ukanda wa tropiki na kukamilisha mzunguko kwa siku 30 hadi 60, nalo haliwezi kuonekana miezi mitatu kabla. Kwa hiyo waraka wa Februari unahitaji kusomwa pamoja na taarifa za siku kumi na za kila siku zinazoufuata, kama ilivyokuwa Mei 2024, ambapo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilionya mapema kuhusu kimbunga Hidaya na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa.

Wapo wanaosema dalili za wazee zinatosha, wakikumbusha kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni ya kweli kwa saa moja ijayo, si kwa miezi mitatu. Wazee wa Nganyi, magharibi mwa Kenya, wenye sifa ya kusoma mvua kwa mimea na wadudu, walikubali kukaa na wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa na kulinganisha dalili zao na ramani, jambo ambalo watetezi wao wa mijini hawajalifikiria. Ajabu ni kwamba mganga wa mvua akikosea husamehewa kwa udhuru wowote, ilhali anayekamatwa ni yule aliyeandika tarakimu zake mapema na kuzitia sahihi.

Lawama iliyobaki ni ya wanaobeba habari. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya, akiwataja wataalamu, kwamba El Niño iliyohofiwa haingefika. Uwezekano uligeuzwa kuwa hapana, na Novemba mafuriko yakaua watu. Kwenye vyumba vya habari hugeuzwa kuwa ndiyo kwa wepesi uleule. Lakini ile 20 kwa 100 ya mvua chini ya wastani ni masika moja katika kila tano, na kwa mkulima wa Same mwenye ekari tatu inatosha kumfanya atenge moja kwa ajili ya mtama au mahindi ya muda mfupi, iwapo mtu atamsomea tarakimu hiyo.